Mikono ya Fundi Sekunde Ilipotulia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Sekunde. Ametutoka akiwa na miaka arobaini na mitatu. Alijitoa uhai. Dada yake ametuomba tuliseme hilo bila kumung'unya maneno.

Sekunde alikaa chini ya ngazi za jengo la ofisi, kioo cha kukuzia jichoni. Ukimwuliza, "Fundi, saa yangu itapona lini?" alijibu, "Ikipona nitakupigia. Ikifa, njoo na maua."

Alikuwa na baipola, ugonjwa unaompandisha mtu juu hadi asilale, kisha ukamtupa kwenye huzuni nzito. Ujanani alijaribu kujiua mara mbili. Akaanzishiwa vidonge vya lithiamu, akavinywa miaka kumi na mmoja. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji, na hakujaribu tena.

Lakini vidonge vilimtetemesha mikono. Kidogo tu, ila kwa fundi saa kidogo ni kingi. Skrubu zilimtoroka. Saa za kike, zenye skrubu ndogo zaidi, akawa anazipeleka kwa fundi mwingine, kwa siri. Daktari angeweza kupima damu na kurekebisha dozi, lakini hakuambiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi simlaumu. Aibu ya kazi inauma jamani.

Siku moja dada yake alimkuta anakaza skrubu, mkono umetulia tuli. Akapiga makofi. "Kaka, umepona!" Nyumbani mama yao akalia kwa furaha. Hakuna aliyejua kwamba ameacha dawa.

Wiki za mwanzo alichangamka, akamaliza saa zote zilizolala rafuni. Kisha akanyamaza. Akaacha kunyoa ndevu. "Tulidhani ni uchovu," dada anasema. Mwezi wa nne tangu aache dawa, Jumanne, akafariki. Kwenye droo ya vipuri walikuta vidonge vya miezi minne, pakiti hazijafunguliwa.

"Nilimpigia makofi," dada anarudia. "Sikumwuliza hata swali moja."

Mama, dada, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote.

Nawe unayenywa dawa za namna hii, zikikusumbua usiziache kimyakimya. Rudi kwa daktari, mwambie. Ukiwaza kujiua, mwambie mtu leo hii. Na wewe mwenye ndugu anayezinywa, hatupigi wimbo sasa. Tunanyamaza dakika moja. Itumie kumpigia simu.