Ubeti wa Pili

Tangu Tunduma, ndani ya basi, Bibi Bertilla alikuwa ameshika rozari, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Hapo mwandishi wa riwaya za kihistoria, Mfipa aitwaye Flavian, alikuwa akimsimulia jirani yake, afisa mmoja wa Mbeya, jinsi alivyoalikwa chuo kikuu kwenye jioni ya fasihi.

“Wakaniambia nisome riwaya yangu, ila niruke nyimbo za wahunzi wa zamani. Eti matusi! Nikaziimba.”

“Mbele ya maprofesa, ndugu?” afisa alishangaa. “Taifa tunalijenga kwa mambo ya heshima.”

“Majembe yaliyowalisha babu zetu yalitoka kwenye tanuru la wahunzi hao. Kwao tanuru lilikuwa bibi harusi, na bibi harusi huimbiwa. Nikiukata wimbo, nitakuwa nimeandika historia ya nani?”

“Basi ungeishia ubeti mmoja.”

“Niliishia huo huo. Wa pili wazee wamekufa nao, na wanawake walikuwa hawaruhusiwi kusogelea tanuru.”

Basi lilikuwa linaingia stendi ya Mazwi. Bibi Bertilla, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, aliivaa rozari shingoni, akainama katikati ya vichwa vyao, akauimba ubeti wa pili kwa Kifipa mpaka mwisho, bila kuruka neno. Afisa hakukijua Kifipa, ila alipomwona kondakta ameziba mdomo kwa kiganja, alielewa vya kutosha.

“Lakini mama,” Flavian aliropoka, “wanawake si walikatazwa?”

“Tulikatazwa kusogea,” alijibu, akijitwisha kikapu chake. “Kusikia alitukataza nani?”

Akashuka.