Nyuzi Nilizozikaza Vibaya

Ndugu zangu, wamama, wazee wa kanisa, nawasalimu kwa jina la Yule aliyetuvusha daraja tukiwa bado tunapumua. Nimeomba dakika chache na mchungaji amenipa, ingawa ameniangalia kwa wasiwasi kidogo, maana si mara yangu ya kwanza kusimama hapa. Mnakumbuka nilisema nimepona masikio, mkapiga vigelegele mpaka mabati yakatikisika. Leo nimekuja kuusahihisha ule ushuhuda, kwa sababu haukuwa wa kweli wote.

Kwa wageni ambao hawanijui, mimi ni seremala wa New Site, hapa hapa Juba. Nilikulia Uganda, ukimbizini, na huko ndiko nilikojifunza adungu, ala ile ya muziki yenye shingo iliyopinda, tumbo la ngozi na nyuzi za kuvulia samaki. Naichonga na naipiga. Nanyi wa kwaya mnajua utaratibu wetu: adungu ni familia, kuna ndogo, ya kati na kubwa, na kabla ya ibada mtu mmoja tu ndiye anayezikaza zote kwa sikio lake. Kila mtu akikaza ya kwake, tutaimba kama soko. Mtu huyo nilikuwa mimi. Tena nilikuwa na majivuno, tusidanganyane. Mtu akigusa kigingi changu nilimkazia macho mpaka aombe samahani.

Amani ilikuwa bado changa, watu wanarudi kila wiki, Juba nzima inapigwa misumari. Kazi ilikuwa nyingi mpaka nikawa nakula nimesimama. Ndipo nikashikwa na ile homa ya uti wa mgongo. Siku kadhaa sizikumbuki kabisa. Nilipofungua macho niliona jenereta ya jirani inatetemeka pale uani bila kutoa sauti, nikamwambia mke wangu kwamba jirani amenunua jenereta nzuri. Akaanza kulia. Niliona mdomo wake unakwenda, na hakuna kitu.

Nilikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Mke wangu alikuwa ananiandikia kwa penseli ya kazi kwenye vipande vya mbao: kula, mteja amekuja, mtoto anakuita. Jioni nayaondoa maandishi kwa randa ili kesho tupate nafasi ya kuandika tena. Wateja wanaongea, mimi natingisha kichwa tu. Kuna mzee mmoja nilimtengenezea mlango unaofungukia nje badala ya ndani, kwa sababu nilitingisha kichwa mahali pa kukataa. Kwenye harusi nilikuwa nacheka wengine wakicheka, nimechelewa kidogo, na mtu akiniangalia najifanya nakohoa. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuwa peke yangu namna ile, na nilikuwa nimezungukwa na watu. Hapa kanisani ndipo palikuwa pabaya kuliko kote. Naona mikono inapiga ngoma, naona mishipa ya shingo za wamama, na mimi nimekaa kama gunia.

Sasa kulikuwa na mteja wangu mmoja kule Thongpiny, kawaja, yaani mzungu, nilimtengenezea rafu za ofisi. Huyu aliandika barua, akaandika nyingine, akapiga simu nisizozisikia, mpaka nikapata nafasi katika hospitali moja Kampala ambako madaktari wageni walikuwa wanapasua watu bila malipo. Waliniingizia waya mwembamba ndani kabisa ya sikio, na sumaku chini ya ngozi ya kichwa. Hiki mnachokiona nyuma ya sikio ndicho kinachookota sauti na kuipeleka ndani. Ndiyo, misumari midogo inanasa kichwani. Watoto wa mtaani kwetu wamejaribu yote, msihangaike.

Kidonda kilipopona wakakiwasha kifaa. Nilidhani nitamsikia mtu. Nikasikia kitu kama bati linakwaruzwa na kijiko, na dada mmoja mtaalamu wa masikio akaniandikia kwamba hiyo ni sauti yake, anasema habari ya asubuhi. Akanieleza taratibu, kwa maandishi, kwamba ubongo utajifunza. Maneno yatakuja kwanza, na muziki utakuja mwisho, pengine usije. Akaniambia nianze na chombo kimoja tu, wimbo mmoja ninaoujua, kila siku, na nisiwe na haraka. Ile karatasi niliikunja nikaiweka mfukoni. Sikumwonyesha mtu yeyote, hata mke wangu.

Maneno yalikuja kweli. Baada ya miezi michache nilikuwa namwelewa mke wangu tukiwa wawili tu ndani ya nyumba. Basi nikaja hapa, mkanipa kipaza sauti. Niliona nyuso zenu. Mlikuwa mmefunga na kuomba kwa ajili yangu, nilijua. Ningesemaje kwamba ile kwaya iliyonipokea mlangoni niliisikia kama mabati yanaburutwa barabarani? Nikasema nasikia kila kitu. Nikasema nasikia hata nyuzi. Mkashangilia, na mwalimu mpya wa kwaya akaninyooshea ile adungu ndogo nizikaze zote, kama zamani.

Nikakaza. Kila Jumamosi mchana nilikuja hapa peke yangu, nikakaza kwa kubahatisha, kwa kumbukumbu ya vidole. Nawaambia, nilivuta uzi mmoja na wa pili na zote mbili zikanipa kelele ileile. Nikajiambia vidole vinakumbuka. Jumapili mnapiga, watu wanacheza, hakuna anayelalamika, basi nikaamini kwamba nimekaza vizuri.

Lakini mimi ni seremala, nina jicho. Nilikuwa naweka alama ndogo ya penseli kwenye kila kigingi, na Jumapili nikakuta alama hazipo mahali pake. Nikakasirika. Nikasema kuna mtu mwenye wivu anayeniharibia kazi. Nikawatuhumu vijana wa ngoma, wale wenyewe wanajua, na leo nawaambia malesh, samahani, mbele ya watu wote. Kisha Jumapili moja nikaja mapema sana kumkamata mwizi wangu.

Nilimkuta mama mmoja wa kwaya, Mganda, anayeuza samaki wadogo wakavu kule Sherikat. Amekaa sakafuni, adungu ndogo mapajani, ameinamisha kichwa, anavuta kigingi. Kikapu chake cha biashara kiko pembeni. Hakukimbia.

"Mimi iko natengeneza tu, fundi," akasema polepole, akinitazama usoni ili nisome mdomo. "Hii nyuzi yote imepotea."

"Tangu lini?"

"Tangu ulirudi."

Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Akaweka adungu chini.

"Wewe ulisimama pale mbele, ukasema Mungu amefungua masikio yote. Sasa nani atasimama kusema Mungu hakumaliza kazi?"

Kumbe kwaya nzima ilijua. Wiki baada ya wiki mlinihurumia, mkanifichia, mkanipigia makofi. Mlifanya kwa upendo, nakubali. Lakini nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nilijiona mpweke kuliko siku ile ya jenereta. Siku ile nilikosa sauti tu. Asubuhi ile niliona kwamba hakuna hata mtu mmoja duniani anayejua ninachosikia, na ni mimi niliyewafungia nje.

Nikaacha kanisa. Nikavua kifaa, nikakiweka kwenye kopo la misumari, nikarudia vipande vya mbao. Mke wangu aliandika mara moja, umechoka nasi? Nikapitisha randa bila kujibu. Hilo nalo namwomba msamaha, yuko pale.

Baada ya wiki kadhaa yule mama akaja karakana kwa bodaboda, amekumbatia ile adungu kubwa, ile ya sauti nzito ambayo hakuna anayeigombania. Akanionyesha sikio kwa kidole, maana yake vaa. Nikavaa. Akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza tangu nitoke Kampala.

"Unasikia nini?"

Nikamwambia ukweli. Nililia nikimwambia, mtu mzima na vumbi la mbao usoni. Nilimwambia kwaya ni kelele, nyuzi nyembamba zote ni moja, wimbo sijui unapanda au unashuka. Lakini mapigo nayasikia safi, nyundo naisikia, ngoma naisikia kuliko zamani. Nikatoa na ile karatasi, ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Yeye Kiingereza hasomi, kwa hiyo nikamsomea mpaka mwisho.

Akasema basi, kalas, kukaza nyuzi utaniachia mimi, wewe utashika hii kubwa.

Ndugu zangu, mwajua mimi wa zamani ningemfukuza. Adungu kubwa tulikuwa tunampa anayeanza. Lakini nilikaa chini, nikaiegemeza kifuani, akapiga uzi mmoja, mbavu zangu zikautambua kabla ya sikio. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi akimaliza soko alikuja. Aliimba peke yake, mstari mmoja tu, wimbo niliojifunza utotoni ukimbizini, nami napiga uzi mmoja. Akarudia. Ilichukua mvua nzima na kiangazi chote. Kuna siku hakuna kitu kilichoingia, nikaomba tuache, akanywa chai yake, akaanza tena. Kisha kuna Jumamosi moja sauti yake ilishuka mwisho wa mstari, na nilijua kwamba imeshuka. Sikuona mdomo, nilikuwa naangalia vidole vyangu. Nilimwomba arudie, ikashuka tena.

Ni hicho tu nilicho nacho. Sauti ya mke niliyemwoa siijui tena. Hii ninayoisikia ni nyingine, nimeizoea. Mkiimba wote kwa pamoja mimi bado niko nje ya nyumba, nasikia watu ndani wanafurahi. Sitaki mtu anipigie vigelegele kwa hilo. Nataka mjue tu.

Namshukuru kawaja wa zile barua, madaktari, na yule dada wa karatasi. Namshukuru mke wangu kwa penseli zote alizomaliza. Nawashukuru vijana wa ngoma, ambao sasa nakaa karibu nao kwa sababu wao ndio ninaowasikia vizuri. Na wewe mama, uliyenishika katika uongo na bado ukaja na adungu mkononi, sijui nikulipe nini.

Funzo langu ni dogo. Mgonjwa akirudi kwenu, msianze na makofi. Muulizeni amerudi na nini, halafu mvumilie jibu lake, hata kama linaharibu sherehe. Na wewe uliyepona nusu, sema nusu.

Wimbo wa kufunga nitaupiga pamoja nanyi, kule nyuma, kwenye ile kubwa. Sitausikia wote. Imbeni tu.