Pita Tu, Sisi Tumefika: Maisha ya Noelene Fay Trewin, 1943–2024

Marehemu Noelene Fay Trewin alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 mjini Charters Towers, Queensland, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Otto Kaddatz, fundi wa reli, na marehemu Elsie. Alizaliwa wiki tatu baada ya siku aliyotarajiwa. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mtoto huyu hana haraka, na kwa miaka themanini na mmoja iliyofuata hakuna aliyepata sababu ya kumsahihisha.

Alisoma shule ya msingi Pentland, kando ya reli, kuanzia mwaka 1949 hadi 1956. Taarifa ya mwisho ya mwalimu wake inasema: "Noelene ni mzito kuanza jambo. Akishaanza, kumsimamisha ni kazi zaidi." Baba yake alidhani mwalimu analalamika. Noelene aliichukua kama sifa, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake, na baadaye ndani ya mlango wa karavani, ambako ipo mpaka leo.

Mwaka 1958, akiwa na miaka kumi na mitano, aliajiriwa kuunganisha simu katika posta ya Hughenden. Alizijua sauti za watu wa mashamba yote ya ng'ombe ya upande ule kabla hajaziona sura zao, na hakuwahi kusahau sauti. Alipopata watoto aliacha kazi hiyo. Kuanzia 1975 hadi alipostaafu mwaka 2003 alipika katika shule ya bweni mjini Townsville. Wanafunzi wake wanaikumbuka nyama yake ya chumvi kwa mchuzi mweupe. Baadhi yao hawajamsamehe.

Tarehe 14 Mei 1966 alifunga ndoa na Desmond Arthur Trewin, fundi wa pampu za upepo, ambaye wote tulimwita Des. Walijaliwa watoto wawili, Leanne na Grant. Baada ya kustaafu walinunua karavani, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, la futi kumi na sita, na mwaka 2012 wakaondoka Cairns kuelekea Broome kwa njia ya kaskazini, ile ya vumbi, vichuguu na mito isiyo na madaraja. Walikwenda kilomita sabini kwa saa, hawakuvuka kilomita mia kwa siku, na masika yakikaribia waliliacha karavani kwenye banda la shamba fulani, wakarudi nyumbani kusubiri kiangazi. Kwa ajili ya waliokuwa wakiwapigia honi, Des aliandika kwa rangi nyekundu nyuma ya karavani: PITA TU, SISI TUMEFIKA.

Kila aliyewahi kulala kwenye kambi ya makaravani anajua kinachotokea saa kumi na moja jioni. Viti vya kukunja vinafunguliwa, bia zinatolewa kwenye barafu, na wote waliokwisha kufika wanakaa kuwatazama wanaoingia wakipiga rivasi. Baba yuko kwenye usukani, mama yuko nyuma anapunga mikono, na ndoa iko hatarini. Des na Noelene waliwachekesha watu kambi hadi kambi.

"Simama! Simama, mzee, una mti nyuma!"

"Si ungesema mti?"

"Nimekupungia!"

"Nilidhani unafukuza nzi!"

Des alifariki ghafla Normanton tarehe 3 Julai 2014, akazikwa hapa hapa, kwenye makaburi haya. Leanne na Grant walikuja kwa ndege kumzika baba yao na kumchukua mama yao. Walikuwa wameshapanga kila kitu: karavani lingeuzwa, na mama angehamia kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na kwa Leanne.

"Mama, wewe hujawahi kuliendesha hili dude," Leanne alimwambia. "Kazi yako ilikuwa kupunga mikono."

"Kwa hiyo angalau najua palipo na miti."

Leanne alichukua funguo za gari akazitia kwenye mkoba wake. Hakujua kwamba Des aliweka ufunguo wa akiba ndani ya kopo la majani ya chai. Waliporudi kutoka dukani, mahali pa karavani palibaki alama za magurudumu tu.

Siku ile Noelene alipitwa na lori lenye matrela matatu, na redio ya mawasiliano ya garini ikaita. Alikuwa Vaughn Pickersgill, dereva wa njia hiyo, ambaye leo yuko nasi.

"Mama wa karavani, uko salama? Naona kama umeegesha."

"Niko kwenye sabini."

"Sabini ndiyo kuegesha, mama."

"Soma maandishi huko nyuma, halafu upite."

Vaughn anasema alicheka mpaka akakosea gia. Akamuuliza yuko na nani. Alipojibiwa kwamba yuko peke yake na hajawahi kupiga rivasi, alimpa somo zima redioni kabla mawimbi hayajakatika: "Kila mtu anashika usukani juu, ndiyo maana mkia unamkimbia. Shika chini. Unakotaka mkia uende, peleka mkono huko huko. Ukipotea usibishane nalo. Sogea mbele, anza upya."

Kambini Burketown viti vilikuwa vimeshafunguliwa. Alijaribu mara tisa. Mara ya tatu aliangusha bomba la maji. Mara ya sita bwana mmoja kutoka kusini alisimama na bia yake, akaja dirishani.

"Niachie usukani, mama, nikuwekee dakika moja tu."

"Rudi ukakae, baba. Kiti chako kinapoa."

Mara ya tisa lilikaa. Hakuna aliyepiga makofi, maana alikuwa amewakataza. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi, hakumruhusu mtu yeyote kumpungia mkono.

Mwaka 2021, mjini Katherine, daktari aligundua kwamba moyo wake umechoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na akapewa dawa za kupunguza maji mwilini, zilizomlazimu kusimama kila kilomita ishirini. Alisema daktari ni mtu mwenye akili, maana ndiye wa kwanza kumshauri aende polepole zaidi. Leanne alimbana kwenye simu mpaka akapata ahadi: akifika Broome, mwisho wa barabara, ataliuza karavani.

Alifika Broome tarehe 22 Agosti 2022. Leanne alimngojea ufukweni akiwa na tiketi mbili za ndege. Noelene aliitazama bahari kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

"Haya, mama. Umefika mwisho. Tumekubaliana."

"Mwisho gani? Baba yako yuko Normanton."

Akageuza gari. Leanne hakuzungumza naye kwa miezi saba. Tunaliandika hili kwa ruhusa yake, na ametaka pia iandikwe kwamba ni miezi saba anayoijutia.

Kurudi kulimchukua viangazi viwili. Mwezi Julai mwaka huu Grant alipata habari kwamba mama analala amekaa kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Leanne akaruka kwa ndege hadi Burketown, akiwa ameapa kumleta nyumbani kwa hiari au kwa nguvu. Alipofika akakuta viti viwili vimefunguliwa. Akakaa. Wakasafiri pamoja hadi maporomoko ya mto Leichhardt, wakapiga kambi hapo, na jioni ya tarehe 5 Agosti Leanne akajaribu kwa mara ya mwisho.

"Niendeshe mimi, mama. Zimebaki kilomita mia na hamsini. Kesho mchana tuko kwa baba."

"Kesho kutwa."

"Kwa nini, jamani?"

"Unanikimbiza kwa mtu ambaye haendi popote?"

Asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, Leanne alitoka na chai akamkuta mama yake amekaa kitini, uso umeelekea mtoni, ameshaondoka.

Watasema hakufika. Waseme. Barabara ya kutoka hapa hadi Broome ameikanyaga yote, kwenda na kurudi, isipokuwa kipande kimoja, na hicho kilikamilishwa jana. Leanne aliliendesha karavani kutoka Burketown, ambako mwili ulikuwa umerudishwa kuhifadhiwa, hadi hapa kwa kilomita sabini kwa saa, akasimama mara mbili kunywa chai, na gari lililobeba jeneza likamfuata nyuma. Dereva wa gari la jeneza alipowasha taa ili apite, Vaughn, aliyekuwa nyuma yao wote, alimwita redioni: "Kaka, hebu soma hayo maandishi. Halafu ubaki hapo ulipo."

Marehemu ameacha watoto wawili, Leanne na Grant; mkwe mmoja, Sunita, mke wa Grant; wajukuu watatu, Tegan, Rohan na Priya; ndugu yake mdogo, Mervyn Kaddatz; na watu wa kambi nyingi kutoka Cairns hadi Broome, ambao baadhi yao aliwajua kwa sauti tu.

Nyuma ya kalenda yake aliacha ombi moja: apelekwe kwa Des ndani ya karavani, kinyumenyume, na mtu wa familia yake. Asubuhi hii jeneza limeingizwa humo. Geti la makaburi lina upana wa mita tatu na nusu. Leanne hajawahi kupiga rivasi hata siku moja. Waliokuja na viti vya kukunja wanaombwa wavifungue sasa na kukaa. Ikichukua mara tisa, tutakaa mara tisa. Hakuna atakayepiga makofi, na hakuna atakayepunga mkono.

Apumzike kwa amani, na mtu yeyote asimharakishe.