Ukishaifunga, Iache

Benchi la pale kona ni mlango. Bawaba, fundi milango, aliutengeneza kwa ajili ya mteja, mteja akaukataa kwa kuwa ulipungua vidole viwili, naye kwa hasira akaulaza juu ya matofali mbele ya duka lililofungwa zamani. Tangu hapo watu wanaukalia na kuihukumu dunia nzima. Tundu la ufunguo bado lipo. Mkurugenzi huzimia humo sigara zake. Huyo Mkurugenzi hajawahi kuongoza hata foleni: alikuwa tarishi ofisini mpaka akastaafu, akaondoka na tai moja na Kiingereza cha kwenye mihuri. Pembeni yake hukaa Volti, fundi umeme ambaye taa za nyumba alizopitia huwaka mpaka upige ukuta kofi. Mwisho wa benchi yupo Makasi, kinyozi asiye na chumba, anayenyoa watu kwenye baraza za wengine mpaka afukuzwe. Hao ndio mahakimu ambao Bawaba aliwapelekea kesi ya binti yake asubuhi ile, birika la kahawa likiwa bado limejaa.

Siku hizi mteja hataki kusikia sifa za mlango, anataka picha. Picha za Bawaba zimo kwenye kompyuta ya mitumba, na kompyuta hiyo ilikuwa na tabia mbaya: ukifunga kifuniko, hailali. Inavuma ndani ya begi mpaka watu wanageuka, inachemka, na akifika kwa mteja betri imekwisha, anabaki kuchora milango hewani kwa mikono. Binti yake amemaliza chuo cha kompyuta na alikuwa anaomba chumba cha mbele cha nyumba afungue ofisi ya ufundi. Bawaba akampa mtihani: ilaze mashine hii, chumba chako. Binti akaandika skripti, yaani amri chache kwenye faili, mashine iwe inazisoma yenyewe: kifuniko kikifungwa, lala, au suspend kwa lugha ya mashine. Alipomrudishia hakueleza mengi. "Baba, ukishaifunga, iache."

Neno hilo lilimkera Bawaba. Fundi anayeiamini kazi yake hasemi iache. Mlango haupimwi kwa kuachwa. Unafungwa, unafunguliwa, unafungwa tena mbele ya mwenye nyumba, mpaka aridhike.

Volti: Hebu ifunge tuone.

Bawaba akafunga. Wakapiga funda moja la kahawa. Akafunua. Skrini ikawa inang'aa, picha ya mlango wa mninga katikati, na feni inavuma.

Makasi: Macho kodo!

Volti: Mimi nilijua kabla hujafunga.

Mkurugenzi: Tuonyeshe hiyo dawa aliyoiandika.

Bawaba akaifungua faili kama alivyoelekezwa. Zikatokea herufi nyeupe kwenye weusi, mistari michache tu.

Mkurugenzi: Ndiyo hii? Karatasi ya dawa ya minyoo ina maneno mengi kuliko haya.

Makasi: Ada yote ile, mzee mwenzangu! Ungenunua mbao.

Volti: Hata angeandika kitabu. Tatizo umeme. Umeme ukishaingia hautoki kwa kuandikiwa barua. Ukifunga kifuniko umeufungia ndani, unahangaika, unatafuta pa kutokea. Ndiyo kule kuvuma. Haba na haba hujaza kibaba.

Bawaba: Kibaba kinaingiaje hapa?

Volti: Kibaba ndiyo betri.

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Ndivyo mambo yanavyopitishwa kwenye benchi lile. Bawaba akafunga tena, wakasubiri kidogo, akafunua. Mlango wa mninga huo, unang'aa.

Mkurugenzi: Sasa nisikilizeni mimi niliyekaa ofisini. Mashine hii imetengenezwa wapi?

Bawaba: Nje.

Mkurugenzi: Na huko nje saa hizi ni usiku au mchana?

Bawaba: Nitajuaje?

Mkurugenzi: Ni mchana! Sasa utailazaje mashine ya watu mchana? Ungekubali wewe kulazwa saa hizi?

Volti: Mbona hata usiku ilikuwa hailali?

Mkurugenzi: Usiku ilikuwa imechelewa. Halafu oneni neno hili aliloandika hapa: suspend. Mimi nilizibeba barua zenye neno hili. Ni kumsimamisha mtu kazi! Na aliyesimamishwa halali, ndugu zangu. Anakaa kwake, anakasirika, anakula nusu mshahara. Ndiyo maana betri inakwisha. Inakula nusu mshahara humo ndani ya begi.

Volti akaguna kwa heshima. Nusu mshahara ilimshinda nguvu hata yeye. Makasi, aliyekuwa hajatoa nadharia, aliona anaachwa nyuma.

Makasi: Nyinyi mnazunguka. Mashine hiyo ina mabwana wengine.

Bawaba: Mabwana gani?

Makasi: Waliokuwa nayo mwanzo. Ukiifunga, kwako ni usiku, kwao kazi inaanza. Umeme unalipa wewe, jasho linatoka kwenye begi lako, faida wanapata wao. Itawezaje kulala ina zamu?

Volti: Na ukifunua?

Makasi: Ukifunua inaacha kazi yao haraka, inakuwekea mlango wako wa mninga hapo, inajifanya haijui kitu. Mficha uchi hazai!

Bawaba alijua huo ni upuuzi. Alijua pia kwamba mashine ilikuwa macho kila alipofunua, na hilo halikuwa upuuzi, alikuwa analiona kwa macho yake mawili. Moyo ukaanza kumuuma, kwa sababu kabla ya kutoka nyumbani alikuwa tayari ameshahamisha vipande vya mbao kutoka chumba cha mbele. Alitaka binti afaulu. Ndiyo maana aliona aibu mbele za watu, na aibu kwa Bawaba hugeuka hasira kabla haijafika mdomoni.

Makasi: Mimi kuhusu chumba sisemi kitu. Nasema tu kwamba kinyozi hahitaji mistari. Nikikinyoa kichwa, kimenyolewa. Huvui kofia ukakuta nywele zimerudi.

Mkurugenzi: Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Binti alikuwa ametulia nyumbani. Wewe ukampeleka chuo, ukamwamsha. Haya, sasa lala wewe.

Volti: Penye wengi pana Mungu. Piga kura.

Wakapiga kura, watu watatu na mmoja kati yao anakitaka chumba. Bawaba akafunga mara ya mwisho, akafunua, ikamkodolea macho. Basi. Akachomoa ufunguo wa chumba kwenye pete ya funguo zake, akamtupia Makasi, kisha akaishika simu karibu na mdomo akarekodi kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Kazi yako imepimwa na watu wazima, imeshindwa. Chumba nimempa Makasi. Na siku nyingine usiniambie iache, maana fundi haachi, fundi anapima!"

Makasi aliubusu ufunguo. Jibu la binti lilikuja upesi, la maandishi. "Sawa, baba. Ila ukishaifunga, iache."

Hilo "sawa" lilimchoma kuliko matusi. Bawaba akafunga kifuniko kwa kishindo, akaiweka mashine magotini.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja, begi begani, mtoto amelala mgongoni. Alisema kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mtoto.

— Samahanini, wazee wangu. Naulizia kwa binti mmoja fundi wa kompyuta. Nimeambiwa anafungua ofisi mtaa huu, chumba cha mbele.

Makasi: Umechelewa, mama. Chumba kile sasa ni saluni.

Mkurugenzi: Na ufundi wenyewe hana. Ameshindwa hapa hapa, mbele ya jopo.

— Ameshindwa nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja: umeme uliofungiwa, nusu mshahara, mabwana wa zamani. Mtoto akajitikisa mgongoni. Mama akampigapiga taratibu, akangoja wamalize.

— Sasa mlijuaje kwamba haikulala?

Volti: Tulifunua tukaangalia! Kila tukifunua, iko macho.

— Lakini mkifunua, si mnaiamsha?

Mkurugenzi alitafuta Kiingereza, akakikosa. Makasi aliutazama ufunguo kiganjani kama aliyeokota kitu cha mtu. Kwa mara ya kwanza tangu mlango ule uwe benchi, watu walikaa juu yake wakanyamaza wote.

Na katika unyamavu ule Bawaba akasikiliza. Baiskeli ilipita. Mtoto alikuwa anakoroma kidogo. Magotini mwake, pale palipokuwa panavuma kila siku mpaka watu wanageuka, hapakuwa na sauti yoyote. Akaweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa baridi, wala hakikutetemeka. Asubuhi nzima ilikuwa inalala kila walipoifunga, na asubuhi nzima walikuwa wanaiamsha ili waisute kwamba hailali.

Makasi alinyoosha mkono.

Makasi: Hebu tufunue, tuhakikishe.

Bawaba akamchapa kofi la mkononi.

Bawaba: Aliyelala usimwamshe!

Mkurugenzi: Hiyo methali yangu.

Bawaba: Ulikuwa hujui mahali pake. Makasi, lete ufunguo.

Makasi: Ah, bwana! Neno limeshatoka. Tulipiga kura!

Bawaba: Lete ufunguo, au inuka kwenye mlango wangu huu uliokalia.

Makasi alipima: chumba ambacho hajakiingia, au benchi ambalo ndilo nyumba yake ya mchana. Ufunguo ukarudi. Volti akainamisha birika kwenye kikombe chake ili apate la kufanya, likatoa tone moja na machicha.

Bawaba akainuka, kompyuta chini ya kwapa, imefungwa. Akamwambia mama mwenye mtoto, "Nifuate, ni kwangu." Walipofika kwenye kona alitoa simu. Safari hii hakurekodi kwa sauti. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, maana haya mengine hayafai kusikika ng'ambo ya barabara.

"Mwanangu, nakuletea mteja. Ufunguo ninao. Mashine nimeiacha."