Bwana Funika na Stuli ya Jikoni

Kwanza niwaseme. Nyinyi mliosoma chuo hiki cha uuguzi, mkanywa chai yangu, mkaniita Bibi, kisha mkayeyuka kama moshi: mna macho gani? Mpaka mtu astaafu ndipo mnaikumbuka njia? Haya, kaeni. Hasira zangu zitasubiri, leo ni siku ya mwenzetu.

Mwalimu wa mbinu za kusoma, mliyempa jina la Bwana Funika, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mpishi wa chuo, nitoe wasifu wake, kwa kuwa walimu wenzake wangemsifu kwa adabu mno. Karani ameandika nilivyosema. Nimemkataza kunyoosha.

Alianza kama mkutubi. Kijana mwembamba, shati limechomekwa vizuri, viatu vinalia kwichi kwichi. Anawakemea wanaonong'ona wakati yeye ndiye mwenye kelele kuliko maktaba nzima. Huko ndiko alikoona jambo lililomnyima raha. Wanafunzi waliokuwa wakinakili vitabu mpaka vidole vikavimba ndio haohao waliokuwa wakirudia mitihani. Mkono unafanya kazi, kichwa kimekwenda likizo. Akaomba chumba awafundishe kusoma. Akapewa stoo ya magodoro mabovu, mlango unatazamana na jikoni kwangu. Tukawa majirani.

Mbinu yake mnaijua, ila wapo wageni leo, acha niirudie. Kunja ukurasa, upande mmoja mwembamba, mwingine mpana. Mwalimu akiwa anaeleza, weka kalamu chini usikilize. Akinyamaza, andika upande mpana kile ulichoelewa, kwa maneno yako mwenyewe, tena machache. Jioni, kwenye upande mwembamba, andika maswali. Kisha funika upande mpana kwa karatasi na ujibu kwa sauti. Ukikwama, funua, soma, funika tena. Kesho rudia, wiki ijayo rudia, kabla hujasahau kabisa. "Funika!" ndilo lilikuwa neno lake kuanzia asubuhi, na jina likamganda.

Darasa lake la kwanza lilimtia wazimu. Wote waliandika pembeni swali moja: Je, umeelewa? Wakafunika vizuri kabisa, wakajijibu kwa pamoja: Ndiyo. Siku hiyo alivuka akaja jikoni, akakaa kwenye stuli yangu ya kumenyea viazi, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena. "Mama," akaniambia, maana wakati huo sikuwa bibi wa mtu, "wewe hujaingia darasani hata siku moja. Wakikueleza ukaelewa, basi na wao wameelewa. Nikuletee?" Nikamjibu kwamba muda wa upuuzi sina, lakini stuli ipo.

Ndivyo mlivyoanza kumiminika kwangu. Sharti lilikuwa moja, daftari likae juu ya kabati la sahani. Na kila aliyemaliza kujieleza nilimuuliza: "Kwa nini?" Wapo waliokariri usiku kucha wakaja kunimwagia maneno kama bomba lililopasuka. Nikawarudisha. "Nimesikia kelele, sijasikia kitu. Nenda kafunike."

Nisiwafiche, nina sababu yangu ya kumpenda mtu huyu. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alisoma hapa. Alitaka uuguzi tangu akiwa mdogo anamfunga paka wetu bandeji, mpaka paka akahama nyumba. Akaanguka mtihani wa mwili wa binadamu. Ikabaki nafasi ya kurudia, na sheria ya chuo mnaijua: ukianguka tena, unafungasha. Mama yake alikuwa ameshaanza kumtafutia kazi ya dukani.

Daftari la mtoto yule lilipendeza kama kitambaa cha mezani. Rangi nne, mistari ya rula, karibu kila sentensi imepakwa rangi, hata yale maneno machache yasiyopakwa ndiyo yakaonekana ya maana. Bwana Funika alilifungua ukurasa kwa ukurasa, akalisifu kwa dhati, kisha akamwambia, "Daftari hili limefaulu. Wewe je?"

Akamleta kwangu. Nilidhani anataka nimbembeleze. Kumbe anataka nimkalishe kwenye stuli kama wenzake. Mtoto akaanza: figo huchuja damu. Nikainua chujio langu la chai.

"Hapa majani yanabaki juu, chai inashuka. Kwenye figo, kipi kinabaki na kipi kinashuka?"

"Taka zinabaki, Bibi."

"Sasa mkojo unatoka wapi?"

 Akatupia macho juu ya kabati, kwenye daftari lake zuri. Machozi yakaanza. Nikamgeukia Mwalimu aliyesimama mlangoni, nikamwambia amwache mjukuu wangu, amechoka, kesho pia ni siku. Naye, mtu mpole yule, akanijibu mbele ya masufuria yangu: "Bibi, mgonjwa hatamsubiri mpaka kesho. Muulize tena."

Nilitamani kummwagia maji ya vyombo. Nikamuuliza tena.

Akaenda, akasoma, akafunika, akarudi. Akakwama, akaenda tena. Mpaka siku moja akaingia bila kuitwa, akalishika chujio yeye mwenyewe. "Bibi, inayobaki ni damu. Yanayoshuka ni maji na taka, halafu maji mengi yanarudishwa mwilini. Chujio lako halina akili ya kurudisha." Nikamwambia asitukane vyombo vyangu. Pale mlangoni Mwalimu aligeukia ukuta akifuta macho, akasingizia vitunguu. Siku hiyo sikukata kitunguu hata kimoja. Mtihani mtoto aliufaulu, na duka likatafuta mtu mwingine.

Tusimfanye malaika. Huyu bingwa wa kumbukumbu husahau mwavuli wake jikoni kila mvua inapokatika. Ninayo miavuli yake ya kutosha kufungulia kibanda. Chai huiacha ikapoa, halafu anauliza nani kaipoza.

Siku hizi wanafunzi wanaupiga ubao picha. Simu inakumbuka, mwenye simu hakumbuki. Juzi alikaa kwenye stuli akakiri kwamba hilo linamuumiza: yeye akiondoka, chumba kitarudi kuwa stoo ya magodoro. Hakitarudi. Mkuu wa chuo ameridhia, na Jumatatu anaingia mle mwalimu mpya, muuguzi wa wodi ya watoto, yule aliyemfukuza paka wetu.

Mwalimu, asante. Asante kwa kutomhurumia mjukuu wangu siku nilipokuomba umhurumie. Nenda kapumzike, afya ikujae, usingizi wa mchana ukukolee, na mkeo asichoke mapema kukuona nyumbani.

Nanyi mliopotea, sikilizeni. Ameniambia hajui mtu akistaafu anafanya nini. Nimemwamuru awe anakuja jikoni kila Alhamisi saa nne anieleze. Siku hiyo ndiyo mje. Simu wekeni juu ya kabati la sahani. Mtamkuta kwenye stuli, anajieleza. Akimaliza, msimpigie makofi. Muulizeni: "Kwa nini?"