Dawa Niliyoiweka Kwenye Omena

Nitasema Bwana asifiwe mara moja tu, mniitikie mara moja, halafu mniache nianze. Nikiendelea kusalimia nitapata nafasi ya kuogopa na nirudi kuketi.

Asanteni. Ndugu zangu, nawaambia hivi: mimi nilimwekea mume wangu dawa kwenye chakula. Sasa mnaangaliana. Angalianeni tu, hata wapangaji wote wa plot yetu pale Gatwekera iliangaliana hivyo hivyo.

Wacha niwapeleke polepole. Mume wangu ni fundi wa mawe. Wakati huo walikuwa wanajenga nyumba za kupangisha Kawangware, na mafundi walikuwa wanalala hapo hapo kwa site. Alikuwa anarudi Jumamosi, Jumatatu ameenda. Mimi nauza samaki, omena zile ndogo, na mboga Laini Saba, kando ya reli. Sisemi tulikuwa malaika, lakini Jumamosi nilikuwa nafunga kibanda mapema nikaoge, na yeye alikuwa anafika ameshasugua simiti yote kwa kucha. Wenye ndoa mmenielewa.

Halafu nikaanza kuumwa chini ya kitovu, na uchafu ukawa unanitoka. Nikanywa mwarubaini, nikaomba, wapi. Mwishowe nikaenda kliniki. Daktari, mama wa makamo, akaniambia ni ugonjwa wa zinaa. Nikamwambia, "Daktari, mimi nina mwanaume mmoja tangu nitoke nyumbani." Aliendelea kuandika.

Akanipa pakiti mbili za dawa, moja yangu, moja ya mzee, pamoja na kadi ya kumwita kliniki atibiwe. Kila mtu ameze yake kila siku mpaka iishe, na tusilale pamoja mpaka wote wawili tumalize. Nikasema sawa. Wamama, nilitoka pale nikiwa na hasira ya kuuma chuma.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Sikumwambia. Kwetu anayeenda kliniki kwanza ndiye anaonekana mwenye kuleta ugonjwa, na mara nyingi ni sisi wanawake tunaenda kwanza. Tena mnajua kuta zetu za mabati, ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Nikajiambia, si ni dawa tu? Itaingia hata kama hajui. Nikafungua zile kapsuli zake, nikamwaga unga wake wa manjano kwenye omena, nikaongeza nyanya na dania.

Wikendi ya kwanza akala, na mimi nikamdanganya niko kwa siku zangu. Wikendi ya pili akala tena, na sikuwa na uwongo mwingine, nikamkubalia. Dawa ya kila siku, mimi nampa Jumamosi na Jumapili. Mnacheka? Chekeni. Mimi sikucheka.

Wikendi ya tatu alionja tonge moja akasimama. Akachakura omena kwa kidole, akaona ule umanjano chini.

"Umeniwekea nini?"

"Ni bizari, Baba Watoto."

"Bizari gani inakata mtu tumbo wiki mbili? Mwanamke, unanikalia chapati kama wale wa waganga?"

Alifungua mlango akamwaga chakula chote nje, mbele ya watu. Yaani mimi sasa ni wale wanawake wa kulisha mume kamuti, dawa ya mganga, ili awe mjinga wao! Mimi, niliyekuwa nimebeba ugonjwa wake tumboni!

Kuanzia hapo akaacha kula kwangu. Anakuja na mandazi yake kwa karatasi, anakaa kwa kitanda anatafuna, mimi nimepakua. Kwetu magharibi mwanaume akikataa ugali wa mkewe, hajakataa ugali. Mama mkwe akanipigia simu kutoka nyumbani: "Umemlisha nini mtoto wangu?" Na jirani mmoja, Mungu anisamehe, akanivuta kando karibu na tanki la maji: "Mama, si unipatie namba ya huyo mganga? Wangu amenizidi."

Na ugonjwa ukarudi, ukiwa umenona. Nikarudi kwa yule daktari nikamweleza kila kitu. Alivua miwani. "Mama, hii si chumvi. Umempa nusunusu, hajapona, akakurudishia. Mpelekee mkononi." Akanipa pakiti zingine mbili.

Nilichukua siku mbili kupata ujasiri. Siku ya tatu nikaacha kibanda, nikaenda Kawangware, saa ya mafundi kula. Nilimkuta ameketi na wenzake, sahani ya githeri kwa magoti. Aliponiona akaifunika kwa mkono. Ndugu zangu, alifunika sahani! Mimi mke wake wa ujana. Hapo nilihisi kitu kimevunjika ndani yangu, na mpaka leo sijakiokota chote.

Nikamwita kando, nyuma ya rundo la kokoto. Nikamwekea pakiti na kadi mkononi. "Hii ndiyo kamuti yangu. Soma."

Akasoma. Akageuza, akasoma tena. Kisha akasema, chini kwa chini, "Nimekuwa nikichomeka nikikojoa. Nilidhani ni hiyo yako umenitilia."

"Ilianza lini?"

"Kabla ya hizo omena," akasema.

Tulienda kliniki ya hapo hapo Kawangware, yeye na gambuti zake zimejaa simiti. Daktari kijana akatuambia dawa ni wiki nzima, tumeze pamoja, na hilo jambo lingoje. Akatuangalia tulivyokaa mbalimbali kama watu wanaogombea kiti, akasema, "Nimekataza kitu kimoja tu. Sijakataza kuongea. Sijakataza kushikana mkono." Halafu akamwuliza mume wangu anahitaji kadi ngapi za kuita wengine aliolala nao. Mume wangu akanyoosha mkono akachukua moja. Mimi nilikuwa nimekaa hapo karibu yake. Kadi haikuwa yangu. Aliiweka mfukoni bila kunitazama.

Hiyo wiki hakulala kwa site. Kila jioni alitembea kwa miguu kutoka Kawangware mpaka Gatwekera. Nilikuwa napakua, nameza tonge la kwanza yeye akiangalia, ndipo naye anakula. Kisha kila mtu anafungua kiganja, tunaonyeshana dawa, tunameza. Tulilala mzungu wa nne, kichwa changu huku, chake kule. Siku tatu hatukugusana. Siku ya nne alishika unyayo wangu, akaushikilia tu.

Jumapili mchana mvua ilinyesha, ile ya kupiga mabati mpaka jirani hasikii kitu. Watoto walikuwa bado kanisani. Tulikuwa tumelala vilevile, mzungu wa nne. Hapo ndipo alisema. Alisema ni nani, na mara ngapi, na akasema nisamehe. Hakuwa anaona uso wangu. Msamaha aliuomba kwa miguu yangu.

Mnataka niseme nilisamehe siku hiyo. Sikusamehe. Nilimwambia endelea kushika, baridi imenipata. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yangu yote.

Tulipona. Tulirudi tukapimwa, tukaambiwa tuko sawa, na siku moja tukarudi kulala upande mmoja. Lakini mpaka leo, nikiweka sahani, mume wangu hungoja nimege kwanza. Siyo kwa ubaya, mkono wake umezoea. Na mimi Jumamosi akiingia hunusa shati lake kabla ya kumkaribisha. Tunapendana, ndiyo. Tunapendana tukionja kwanza.

Nawashukuru wale madaktari wawili, majina yao siyataji. Nawashukuru nyinyi mliokula chapati zangu kwa harambee ya kanisa wakati wengine walizirudisha kwa sinia. Na wewe jirani uliyetaka namba ya mganga, umekaa hapo nyuma, nimekuona. Namba ni hii: mwite mzee wako, mfungulie kiganja, mwekee dawa mkononi mchana, na maji kwa kikombe, na umwambie ni ya nini. Akiimwaga, ameimwaga akijua. Mimi wangu nilimnyima hata nafasi ya kukataa, ndiyo maana bado nala tonge la kwanza.