Waliokanyagia Ukingo wa Nyayo

Wasikilizaji wapendwa, gari limeshaondoka. Muda huu limeiacha Kaloleni, limeshika barabara ya Mombasa, na ndani yake amelala mzee Wathome, mchonga vinyago. Anarudi Shimba Hills alikokulia. Kando ya jeneza ameketi Ndanu, mkewe, amepakata kinyago.

Mwaka wa sabini na nne wawili hawa walitaka kufunga ndoa. Mchungaji akataka wapimwe damu kwanza. Damu ya Wathome ikasema kaswende. Narudia: kaswende. Na Wathome alikuwa hajamjua mwanamke.

"Hii ni buba," akasema, akipandisha suruali kuonyesha makovu ya muundini. "Niliugua vidonda vyake nikiwa mtoto. Sindano ikaikausha, lakini damu haikusahau, na kipimo hakitofautishi buba na kaswende."

Mwangangi, kaka yake Ndanu, dereva wa lori, akaangua kicheko. "Buba! Fundi, hata uongo unauchonga? Dada, harusi hakuna. Damu haidanganyi."

Ndanu akatoka. Akaenda zake karakana ya Wathome, mvua ikinyunya. Akasimama mlangoni. Vinyago vilimtazama kutoka rafuni kama watu wanaotoka ukunguni. Vyote vilikuwa watoto. Vyote vilikanyagia ukingo wa nyayo, taratibu, kama kaa mchangani. Wateja walidhani ni mtindo.

"Mbona watu wako wote wanatembea hivi?"

"Ndivyo tulivyotembea," Wathome akasema. "Buba ikiingia wayoni, huwezi kukanyaga. Tulicheza pamoja, ngozi kwa ngozi, tukaambukizana. Kijiji kizima."

Ndanu akachukua kimoja, bado kina vumbi la msasa, akarudi nacho nyumbani, akakiweka mezani mbele ya kaka yake.

"Kaka, na hawa watoto wa kijijini kwake, wenye buba nyayoni, nao walikwenda kwa malaya?"

Mwangangi akakigeuza, akakigeuza tena. Hakucheka.

"Damu haidanganyi," Ndanu akasema, "lakini haikusema alilala na nani. Hilo mmelisema nyinyi."

Kwako Ndanu, mjane wa marehemu, na kwa jamaa wote wa Kaloleni, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tuliyemhukumu kabla hatujatazama miguu yake?

Harusi ilifanyika. Mwangangi hakuhudhuria. Miaka miwili baadaye alikuja na gunia la ndengu, akala, akaondoka. Alifariki mwaka jana. Mchungaji alihamishwa. Karakana sasa inauza mabati. Mwana wao, Mutisya, ndiye anayeendesha gari lile. Kinyago alichopakata Ndanu, kile kile cha mezani, kitazikwa pamoja na mchongaji wake.